Mlango Ulio Upande wa Kibla

Asubuhi ile Béatha alimpokea mtoto wangu kwa mkono mmoja. Mkono wa pili alikuwa ameuweka tumboni, juu ya mimba yake, na hakunitazama machoni. Alitazama midomo yangu.

"Umeamkaje?" nikamuuliza.

"Ni vizuri," akasema, akafunga mlango.

Nikabaki uani na mfuko wa nepi na chupa ya uji, maana hata mfuko hakuupokea. Nikagonga. Mlango ukafunguka kidogo, mkono ukatoka, mfuko ukaingia. Kisha nikasikia komeo. Milango yetu imetazamana tangu mwanangu Shadia hajaota jino hata moja, na sijawahi kumsikia Béatha akiweka komeo mchana. Komeo la mchana linawekewa mtu, na pale uani mtu nilikuwa mimi peke yangu.

Tunapanga kwenye kipangu kimoja hapa Kigali, chini kidogo ya Sonatubes, ua uliozungushiwa ukuta, vyumba huku na vyumba huku, bomba moja katikati. Mwenye nyumba ni Mukabalisa, mama mtu mzima aliyekulia Ngara, Tanzania, akarudi na Kiswahili chake chote na hamu ya kujua kila sufuria ina nini ndani. Mimi nimezaliwa Biryogo, kwa Waislamu, ndiyo maana Kiswahili ndicho nilichonyonya. Béatha ni mlokole wa Byumba; Kiswahili amekiokota hapa mjini, na anakisema bila kukiogopa.

Njia nzima ya kwenda Masoro niliwaza lile komeo. Kule kiwandani nashona mifuko ya mashati. Msimamizi wetu, Frida, si mtu mbaya, lakini ana neno lake moja: mashine haimsubiri mtu. Ariane aliyekuwa anakaa pembeni yangu alikosa siku mbili mtoto wake akiwa na homa, na aliporudi akamkuta msichana mwingine amekalia kiti chake, ameshazoea na mkasi wake. Mume wangu Maneno ni utingo wa lori la Dar es Salaam; akiondoka simwoni mpaka nimesahau sauti ya kikohozi chake. Mama yangu ni marehemu. Mama mkwe yuko Rwamagana na miguu haimbebi. Kwa hiyo kama Béatha hamshiki Shadia, mimi sina kazi. Mambo yenyewe ni mafupi hivyo.

Jioni niliporudi nilikuta Shadia amekalishwa nje, kwenye ngazi ya Béatha, mfuko wake pembeni, kama mzigo unaosubiri gari. Mlango umefungwa.

"Béatha, nimefika!"

"Mchukue," sauti ikatoka ndani. "Amekula."

Nikambeba mwanangu, na nilipomshusha kwenye kizingiti changu nikaona kitu kinang'aa juu kwenye fremu ya mlango. Nikagusa. Mafuta. Yananuka kama ya kupikia, lakini yametiwa kitu kitamu, kama ua lililolala majini. Nikaangalia yalipopakwa. Mukabalisa ni mfupi, hafiki pale bila kupanda ndoo. Mutsinzi, mume wa Béatha, ni fundi umeme, anaondoka kabla sijaamka na kurudi tumeshakula. Aliyepaka alikuwa na kimo cha Béatha na alikuwa na muda wa mchana.

Nikanusa paji la uso la Shadia. Harufu ile ile.

Nikasugua fremu kwa sabuni na maji ya moto huku nasoma Ayatul Kursiyyu, na wakati nasugua nikaona pazia la Béatha linatikisika kidogo. Upepo haukuwapo.

Nieleze hizi nyiradi za jioni, maana ndizo zilizoleta yote. Zamani sikuwa nazisoma. Nilijua Kul zangu tatu, zile sura fupi za mwisho wa Kurani, kama kila mtoto wa Biryogo, basi. Halafu lori la kina Maneno likalala ubavu kabla ya mpaka wa Rusumo, wakati wa magharibi, likambana utingo wa lori jingine, na Maneno akatokea dirishani na mchubuko wa sikio tu. Jumapili nikaenda kwenye darasa la kina mama msikitini. Mwalimu akatufundisha maneno ya asubuhi na ya jioni ya kumwomba Mwenyezi Mungu kinga. Akasema: mtu husema jina lake ambalo pamoja nalo hakidhuru kitu ardhini wala mbinguni, kisha akaendelea na kazi zake bila hofu. Nikayashika moja moja, nikiyarudia kwenye mashine kwa mlio wa sindano.

Sasa chumba changu kina mlango mmoja na tundu la hewa juu. Kibla, kwa sisi wa Kigali, kiko kaskazini, mkono wa kuume kidogo. Na kaskazini ya chumba changu ni mlango. Nikiswali Magharibi, mkeka unaelekea mlangoni. Mlango nauacha wazi kwa sababu jiko la makaa liko nje na maharage yanaungua upesi, na taa siiwashi mpaka giza likamilike, umeme ni wa kununua. Namaliza kuswali, nabaki palepale, nasoma. Nasoma Kul tatu viganjani, napuliza, najipangusa kichwa na uso. Namwita Shadia, nampangusa, namwombea kinga na kila shetani, kila mdudu wa sumu na kila jicho baya. Mwisho napuliza kuelekea mlangoni, ili na nyumba iwe ndani ya kinga. Hilo la mlangoni sikufundishwa msikitini. Nilimwona bibi yangu akifanya hivyo maisha yake yote.

Usiku nikampigia Maneno. Alikuwa Kahama, nikasikia injini nyuma yake.

"Mafuta?" akasema. "Mlangoni? Saidati, usile chakula cha huyo mwanamke."

"Sili."

"Na mtoto asile."

"Maneno, mtoto anashinda kwake mchana kutwa. Asile mpaka saa ngapi?"

"Mpe uji wako. Funga chupa."

"Na nani atamfungulia? Si yeye?"

Injini ikaendelea kunguruma. "Unajua zile mimba zake zilizotoka," akasema. "Mwanamke aliyekosa mtoto akimwangalia wa mwenzake... Mimi sisemi kitu. Soma sana."

"Nasoma."

"Zidisha."

Kweli, Béatha mimba mbili zilimtoka, ya pili Shadia akiwa mchanga. Wakati ule alimbeba Shadia kuliko nilivyombeba mimi, akimnusa shingoni, na mimi nikiona raha kwamba mwanangu anapendwa. Baada ya simu ya Maneno kule kunusa shingo nikakuona vingine. Sikutaka, lakini nilishaambiwa.

Nikafanya kitu. Nikachukua uzi wa kiwandani, ule mgumu wa kushonea mifuko, nikafunga kifuniko cha chupa ya uji kwa fundo ambalo anayeshona tu ndiye anayelijua. Nilijua vizuri kwamba lazima alikate ili mtoto anywe, lakini moyo ulitaka kuona. Jioni nikapokea mfuko, na ndani, juu ya nepi, uzi ulikuwa umewekwa vizuri, umekunjwa, na fundo langu limo halijaguswa. Alikuwa ameukata pembeni.

"Uzi wako huo," Béatha akasema kupitia upenyo wa mlango. "Usije ukasema nimekuibia."

Siku iliyofuata Mukabalisa akaja wakati namaliza kusoma. Akavua kandambili, akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu bila kuambiwa karibu, kwa sababu nyumba ni yake.

"Mama Shadia, hiyo dua yako ni ya nini? Usinifiche. Ngara nimekaa na Waislamu ukuta kwa ukuta."

"Ni ya kujikinga, mama. Kila Mwislamu anaweza kuisoma jioni."

"Kujikinga na nini?"

Nikamwambia bila kuficha, maana hakuna cha kuficha: "Na shari ya vyote Mungu alivyoviumba. Na giza linapoingia. Na wanaopulizia mafundoni. Na hasidi anapohusudu."

"Hasidi yupi?"

"Si yupi, mama. Yeyote."

"Yeyote hapa kipanguni?"

"Yeyote duniani."

"Dunia iko mbali, mwanangu. Mtu hajikingi na hasidi wa Brazili." Akainama, akashusha sauti. "Na hao wanaopulizia mafundoni ndio kina nani? Maana mimi nasikia mwenye kufunga mafundo ni wewe, kwenye chupa ya mtoto. Na kupuliza nimekuona sasa hivi kwa macho yangu."

"Nani amekwambia habari ya chupa?"

"Kipangu kina bomba moja," akasema, akavaa kandambili zake. "Maji yote yanapita pale pale."

Usiku huo sikulala vizuri. Nilikuwa nasikiliza mlango wa pili. Nadhani na wa pili walikuwa wananisikiliza.

Asubuhi nikagonga kwa Béatha. Nikagonga tena, Shadia ananiegemea mguuni, kiatu kimoja kimefungwa na kimoja bado.

"Leo siwezi," Béatha akasema ndani. "Na kesho siwezi. Tafuta mtu mwingine."

"Béatha, nitakosa basi."

"Kimbia."

"Na mtoto?"

"Mwambie huyo unayemsomea akushikie."

Nilisimama pale, nikatazama mbao za mlango wake. Nilitaka kusema neno baya, lilikuwa limefika kwenye meno. Nikalimeza kwa sababu ya kesho. Nikampigia Frida.

"Leo nitasema unaumwa tumbo," Frida akasema. "Kesho sitasema kitu. Umenisikia? Kesho kiti kikiwa wazi, saa mbili nitampa yule wa Kabuga anayesimama getini."

"Nimekusikia, madamu."

Basi nikashinda nyumbani, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikaangalia. Nilikaa kwenye ngazi yangu na beseni la nguo ambalo lilikuwa na nguo chache. Béatha alitoka kwenda chooni, akipita kando ya ukuta, mbali nami, ameshika kitenge kiunoni kwa mikono yote miwili. Hakuwa anatembea kama mtu mwenye hila. Alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi lililojaa. Halafu nikamwona Mukabalisa akikinga maji bombani, ndoo ya njano ya Béatha, akaipeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwake.

"Tangu lini unamchotea maji?" nikamuuliza alipopita.

Mukabalisa akasimama. Akanitazama kama anapima kama nastahili kuambiwa.

"Mwezi uliopita alitokwa na damu kidogo. Kituo cha afya wakampima, wakasema mtoto yuko vizuri, ila asibebe ndoo. Hujui?"

"Hakuniambia."

"Angekuambiaje?" akasema. "Ilikuwa wiki ile ile ulipoanza kukaa pale mlangoni."

Ndipo nikaona alichokuwa akikiona Béatha. Mwanamke aliyepoteza mbili, ya tatu imeshika, na jirani ambaye hajawahi kufanya hivyo anaanza kila magharibi kukaa, kutazama mlango wake, kutikisa midomo kwa lugha asiyoijua, kisha kupuliza. Na wiki hiyo hiyo damu. Ningekuwa mimi ningeshahama.

Lakini sikutulia. Nikawaza: na ikitoka? Mungu apishe mbali, lakini ikitoka kesho, nani amepuliza? Mimi. Nisiposoma leo, watasema ameacha kwa sababu amegunduliwa. Nikisoma, watasema anamalizia. Nikifunga mlango nikasoma ndani, watasema sasa anafanya kwa siri. Nilizungusha jambo lile mchana wote na kila upande lilikuwa na mwiba.

Jua lilipozama nikatia udhu bombani mbele ya kila mtu, nikatandika mkeka, nikaacha mlango wazi kama siku zote. Nikaswali. Nikaanza kusoma. Nilikuwa kwenye Kul ya mapambazuko, nimefika kwenye giza liingiapo, mwanga mlangoni ukapungua. Béatha alikuwa amesimama mbele yangu.

"Endelea," akasema. "Leo unipulizie nikiwa nakuona."

Shadia akamkimbilia, akamkumbatia mguu. Béatha hakumsukuma, lakini hakumwinamia pia.

"Béatha, namwomba Mungu."

"Unaomba kwangu! Kila siku jua likienda, unakaa, unatazama mlango yangu, unasema-sema, unasema-sema, halafu fuu! Kwangu. Mimi niko na macho."

"Natazama kibla."

"Kibla ni nani?"

"Ni Makka. Waislamu wote tunaelekea huko tukiomba. Kutoka hapa Kigali iko upande huo, nyuma yako."

Akageuka, akaangalia, akanirudia. "Nyuma yangu iko nyumba yangu. Nyuma ya nyumba iko ukuta. Nyuma ya ukuta iko gereji. Makka iko gereji?"

"Mbele zaidi."

"Mbele zaidi ni Remera!"

Mukabalisa alishafika. Sikumwona akitoka kwake. Alikuwa tu tayari amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mikono magotini.

"Anasema kweli kwa kiasi," akasema. "Ngara pia walikuwa wanageukia upande mmoja wote. Ila ule wa Ngara sijui kama ndio huu."

"Basi geuka," Béatha akaniambia. "Kama Mungu anasikia, anasikia na huko nyuma. Tazama ukuta yako, soma."

Ningeweza. Mwalimu alisema maneno haya mtu anayasema hata akitembea, hata akikoroga ugali. Kuelekea kibla ni adabu nzuri, si sharti. Nilikuwa karibu kugeuka kweli. Lakini nikamwangalia Béatha usoni nikajua.

"Nikigeuka leo," nikasema, "kesho utasema kumbe siku zote alikuwa ananilenga."

"Ni kweli nitasema."

"Ndiyo maana sigeuki."

Mukabalisa akacheka puani, akajifanya anapiga chafya.

"Na kupuliza?" Béatha akasema. "Makka inapulizwa? Iko jiko?"

"Hilo ni la bibi yangu. Msikitini hawakunifundisha. Yeye alikuwa anapuliza mlangoni ili nyumba ikingwe."

"Basi bibi yako ndiye mchawi."

"Bibi yangu ni marehemu, Béatha. Mwache apumzike."

"Pole," akasema upesi, na hasira yake ikakosa pa kukaa. Akahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Nikaona jasho juu ya mdomo wake. Nikaona anaogopa kuliko mimi, na bado nikamuuliza, kwa sababu nilitaka kujua.

"Na wewe? Mafuta ya mlangoni kwangu ni ya nini?"

Akatazama chini. "Ya maombi."

"Nani aliyekutuma?"

"Pasta. Alisema mlango ambako mabaya yanatokea, upake, yarudi ndani."

"Yarudi ndani kwangu. Tunapolala na mtoto."

"Mtoto alishinda kwangu!" akasema kwa nguvu. "Huyo nilimpaka kwenye uso, asubuhi na jioni, nikasema mabaya ya mama yake yasimkute. Unafikiri mimi niko mnyama?"

Shadia alikuwa anavuta kitenge cha Béatha, anataka abebwe. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, viganja bado vimefunguka mapajani, na sikujua nikasirike au nimshukuru. Alikuwa amemkinga mwanangu na mimi.

"Huyo hasidi," Béatha akasema, polepole sasa. "Mukabalisa aliniambia iko hasidi kwenye maombi yako. Ni nani?"

Ningemjibu kama nilivyomjibu Mukabalisa, kwamba ni yeyote duniani. Lakini hilo lingekuwa jibu la mwezi uliopita.

"Mwanzoni alikuwa yeyote," nikasema. "Wiki hii alikuwa wewe."

"Kumbe!" Akamgeukia Mukabalisa, akapiga makofi mawili, kama mtu aliyeshinda kesi. "Sikukuambia? Nilisema ni mimi, ukaniambia nawaza sana!"

"Na wewe ulipokuwa unapaka mafuta?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nasema jina lako," akasema bila haya. "Yote mbili. La kwako na la bwana wako."

"Maneno amekukosea nini? Yuko Kahama!"

"Sikutaka kuacha tundu."

Mukabalisa alicheka sasa waziwazi, mpaka ndoo ikatikisika. Béatha alikaza mdomo, lakini shavu moja lilimsaliti. Nikatumia nafasi ile kabla haijafungwa.

"Njoo ukae huku kwangu," nikasema. "Upande huu, pembeni yangu. Ukiwa huku siwezi kukupulizia, nitakuwa napuliza mlango wako usio na mtu."

"Mutsinzi akiwa ndani?"

"Mutsinzi hana mimba," Mukabalisa akasema.

Béatha akafikiri. Unamwona mtu anavyofikiri, macho yanatembea. "Na nikikaa hapo ukasema kitu kibaya juu yangu?"

"Utasikia."

"Ni Kiarabu."

"Jina lako halina Kiarabu. Ukilisikia, inuka."

Akaenda kwake. Nikadhani ameondoka. Akarudi na kigoda chake, akaingia, akakiweka nje ya mkeka, karibu na kitanda. "Kwenye hiyo mkeka sikai," akasema. Akakaa, akashika tumbo, akatazama mbele. Kutoka pale aliona ninachokiona mimi kila siku: mlango wake wa kahawia, kamba ya nguo na soksi za Mutsinzi, bati la gereji, kisha mbingu ambayo ilikuwa karibu kuzimika.

Nikaanza upya, kwa sauti, na kila kipande nikakisema kwa Kiswahili kabla ya kuendelea. Nilimwambia hili ni la kumwomba Mungu afya ya mwili, ya masikio, ya macho. Hili ni la kumwomba atufunike aibu zetu na atutulize hofu zetu. Hili, anilinde mbele yangu na nyuma yangu, kulia na kushoto na juu yangu, na nisidhurike kwa chini. Midomo yake ilikuwa inanifuata, haisemi, inafuata tu, kama mtu anayehesabu chenji ya mwenzake. Nilipofika kwa hasidi nikasita kidogo, akanikazia macho. Nikamaliza. Nikampangusa Shadia. Nikapuliza mlangoni.

Béatha akavuta pumzi na kuishika. Tukakaa. Gari likapiga honi juu barabarani. Hakuna kilichotokea kwa mtu yeyote.

"Ndiyo hiyo tu?" akasema.

"Ndiyo hiyo tu."

"Mimi nilifikiri iko ndefu." Akasimama kwa kusukuma magoti. "Kesho mlete mtoto. Lakini ndoo zangu utabeba wewe, Mukabalisa mgongo umemkataa. Na jioni nakuja, kila jioni. Usianze mpaka nimefika."

"Jua halisubiri, Béatha."

"Basi uniite mapema."

Asubuhi nikakinga ndoo zake mbili kabla ya zangu, nikagonga. Akampokea Shadia kwa mikono yote miwili. Nikasimama uani nikasikiliza komeo. Halikuwekwa. Nikakimbilia basi, na Frida aliponiona nimekaa kwenye mashine akaitikia kwa kichwa tu, akaenda getini kumwambia yule wa Kabuga arudi wiki ijayo.

Sasa ni wiki kadhaa. Sitasema tumekuwa dada, maana nitakuwa nadanganya. Shadia akirudi bado namnusa paji la uso, na Béatha anajua namnusa, ananiangalia nikifanya. Maneno kwenye simu ananiuliza kama yule mwanamke bado anakuja kukaa chumbani, na nikisema ndiyo anasema, "Mh." Tumbo la Béatha limeshuka na kuwa zito, akikaa kigodani anakaa kwa mafungu. Ila hajakosa jioni hata moja.

Jana basi lilikwama Remera, nikafika jua limeshazama. Nikawakuta wote wawili chumbani kwangu, maana ufunguo namwachia, Béatha kwenye kigoda chake na Shadia miguuni pake, mlango wazi.

"Umechelewa," akasema.

Nikaswali haraka, nikasoma haraka, maharage yalikuwa hayajawekwa hata jikoni. Nilipoinua viganja ili nipulize, akanishika mkono.

"Ngoja. Hapo katikati umekimbia, sikusikia vizuri. Rudia."

"Béatha, mtoto ana njaa."

"Atakula. Rudia."

Nikarudia tangu mwanzo, polepole, huku ananitazama midomo.